Kivuli cha Mdoriani

Saa sita mchana Ayel alikuwa akimenya muhogo chini ya mdoriani alioupanda marehemu mumewe. Mti wenyewe haukuwapo. Kampuni ya magogo ilikuwa imeukata wakati wa mvua, ikaushusha kwa lori pamoja na msitu wote wa upande ule wa milima ya Titiwangsa. Kivuli kilibaki. Kilizunguka na jua kama zamani, na msimu ulipofika doriani, matunda yake mazito yenye miiba, zilianguka kutoka hewani kwa kishindo. Watu walipita mbali, wasije wakapasuliwa vichwa.

Siku hiyo afisa wa ardhi alikuwa anakuja. Ikithibitika kwamba mdoriani ulipandwa na mtu wa kijiji, mteremko ungebaki kwao, pamoja na makaburi yaliyo juu kwenye mianzi. Isipothibitika, ungekuwa shamba la kampuni.

"Shemeji, watakuuliza jina lake," alisema Anjang, mdogo wa marehemu. "Usilitaje."

Kwao jina la mtu huzikwa naye. Marehemu sasa aliitwa Wa Mianzini, kwa kuwa ndiko alikolazwa.

"Nikae kimya kama jiwe la mtoni?"

"Ukimwita, atakuja."

"Na aje. Atanisaidia kumenya, maana wewe unajua kula tu."

Siku nyingine Anjang angemrudishia utani. Safari hii alitazama njia.

Afisa, Bwana Rosli, alifika akitiririka jasho, pamoja na msimamizi wa kampuni. Aliweka kiti kivulini, akafuta shingo.

"Hapa pana ubaridi. Haya, mama, mti uko wapi?"

"Wewe umekaa kivulini mwake."

Doriani moja ilianguka karibu na buti lake. Alisogeza kiti.

"Sawa. Nani aliupanda?"

"Wa Mianzini."

"Hilo si jina. Hapo ni mahali."

Msimamizi alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mama, bila jina nitaandika kwamba mti uliota wenyewe."

Anjang alitikisa kichwa. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo. Ayel alitazama juu, kwenye mianzi, kisha akalitaja jina polepole, kama alivyokuwa akimwita mumewe chakula kikiiva. Jina hilo hapa haliandikwi.

Kivuli kilitikisika, kama utikisikavyo mti mtu anaposhuka. Kikateleza kutoka magotini mwa afisa, kikapita juu ya visiki, kikateremka hadi kijijini na kutulia juu ya nyumba ya Ayel.

Jua lilimpiga Bwana Rosli usoni. Alikinga macho kwa mkono, akatazama mteremko mzima.

"Jina ninalo," alisema. "Lakini mti siuoni, wala kivuli."

Aliandika, akaomba maji ya kunywa. Alipewa.

Sasa mteremko una midoriani ya kampuni, imepangwa safu kwa safu, na uzio wa waya umepita chini ya mianzi. Makaburini hakuna anayekwenda. Nyumbani kwa Ayel kivuli hakizunguki tena na jua. Nguo hazikauki, na muhogo wa uani umebaki mwembamba kama kidole. Msimu ukifika doriani hutoboa paa, na Anjang hupanda kuziba.

"Shemeji, mwambie kaka aangalie anapoangusha!"

"Mwambie mwenyewe," Ayel hujibu kutoka jikoni. "Jina si unalijua?"

Anjang hanyanyui kichwa. Huendelea kuziba.