Mkono wa Vitomir na Boliti Kumi

Stamenka alijua tangu mwezi wa nne kwamba mumewe anamdanganya, na alikuwa amenyamaza. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kunyamazia hata chumvi iliyozidi kwenye supu ya jirani, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwezi huo Vitomir alipata kiharusi. Ni kidogo, alisema daktari, na kweli baada ya siku sita mzee alirudi nyumbani akitembea mwenyewe na kudai kahawa. Ila wiki iliyofuata aliinua kifuniko cha jiko la kuni kwa mkono wa kulia, akabaki amekishika huku akisimulia habari za mpira, mpaka Stamenka akanusa ngozi ikiungua. Vitomir akasema mawazo yalikuwa mbali. Stamenka akampaka dawa, akamfunga kitambaa, akaendelea kumenya viazi.

Tena mkono wenyewe ule! Kwa miaka ishirini na tisa Vitomir alifunga injini kwenye kiwanda cha magari mjini Kragujevac, akikaza boliti kwa spana ya kawaida. Mkaguzi alipita nyuma yake na spana ya kipimo, ile inayolia tiki nguvu ikifika pale ilipopangwa, na kila mara alikuta sawasawa. Wenzake waliuita mkono ule mizani. Binti yao Slavica alipomletea baba yake spana ya kipimo kutoka Austria, ndani ya kisanduku chekundu, mzee alishukuru kwa adabu zake zote, kisha akakisukumia uvunguni mwa kitanda. Alisema ni sawa na kumpelekea padri kitabu cha kumfundisha ishara ya msalaba.

Gari lao lilikuwa Zastava ndogo ya bluu ya mwaka sabini na mbili, waliyokwenda nayo kanisani kuoana. Vitomir aliifungua injini yake yote, akaisafisha kipande kwa kipande, akaifunga tena mwezi wa sita. Siku ya kwanza tu, kwenye kilima cha njia ya sokoni, gari likachemka likatoa moshi mweupe. Gasketi, ule utando wa kuziba chini ya silinda hedi, kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa imeungua upande mmoja, na upande ule ule boliti zilikuwa zimelegea. Vitomir akailaumu gasketi, akakaa kwenye kiti cha dirishani zaidi ya miezi mitatu.

Stamenka alikijua kiti cha namna ile. Kaka yake Vitomir alikaa kwenye chake alipouza ng'ombe wake wa mwisho, na hakuinuka tena. Kwa hiyo mzee aliposema mwezi wa kumi kwamba atajaribu mara nyingine, mkewe alitaka kuruka kwa furaha. Kisha akamsikia akimalizia: "Likichemka tena, namuita mtu wa vyuma chakavu. Na mimi nitakuwa nimemaliza." Stamenka akaenda stoo, akalia kimyakimya kati ya mitungi ya pilipili.

Jumamosi asubuhi walikuwa wote gerejini. Silinda hedi ilikuwa imekaa mahali pake juu ya gasketi mpya, na boliti zake kumi hazikazwi kwa mstari kama mtu anayepiga misumari kwenye uzio. Unaanzia katikati, unatoka nje kwa kuvuka huku na huku, na unazunguka zote mara tatu: kidogo, kisha zaidi, kisha nguvu kamili, ili hedi ilale sawa pande zote. Stamenka alikaa juu ya kreti ya bia akitaja namba na kumenya maharage. Kila boliti ikikazwa, aliweka punje moja kwenye mfuniko wa ndoo.

"Sita!"

"Ngapi?"

"Sita, mzee! Masikio uliyasahau kiwandani?"

"Niliyaacha makusudi, bibi. Nilijua narudi kwako."

Walikuwa kwenye mzunguko wa tatu mlango ulipofunguliwa, akaingia Radenko, jirani yao, na chupa mkononi. Mapipa yake ya plamu yalikuwa yamechacha, na hii ndiyo rakija ya kwanza ya mwaka, pombe kali ya matunda hayo, bado ina joto la mtambo. Pale kijijini rakija ya kwanza haiambiwi isubiri. Mtu aliye juu ya paa anashuka, na mke na mume waliogombana wanapatana kwa robo saa.

"Pisheni mambo ya maana," alisema Radenko, akakung'uta punje zote za kwenye mfuniko ndani ya bakuli la maharage, akapanga glasi tatu.

Wakanywa. Vitomir akasema ni kali mno, Radenko akasema ukali ni wa mnywaji. Wakapatana kwamba ya mwaka jana ilikuwa mbovu, na Radenko akaondoka kuelekea nyumba ya pili.

Vitomir akashika spana. "Tulikuwa wapi?"

Stamenka akautazama mfuniko. Ulikuwa na alama tatu za glasi, basi. "Sita tumeimaliza," alisema. "Au saba."

"Sita au saba?"

"Sijui, mzee. Yule mpumbavu kakung'uta maharage."

"Haidhuru. Mkono utaniambia."

Akaiweka spana kwenye boliti ya sita, akavuta kidogo. Akahamia ya saba. Akarudi ya sita. Akafuta kiganja kwa tambara, akavuta tena, na Stamenka akaona jasho likimteremka shingoni, na gereji ilikuwa baridi. Angeweza kusema ni saba, kwa sauti kavu, na mzee angemwamini. Alijikaza asiseme.

Vitomir akaiweka spana chini.

"Stamenka," alisema. Si bibi, bali jina lake, ambalo alizoea kulisikia kinywani mwake kwenye misiba tu. "Mkono umekufa ganzi. Hauniambii kitu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kifuniko cha jiko."

"Miezi sita! Na hukusema? Wewe, uliyemwambia askofu joho lake limechanika?"

"Lilikuwa limechanika. Na hili lilikuwa lako kulisema, si langu."

Mzee akacheka, kisha akawa halii wala hacheki, akajifuta kwa mkono ule ule akajipaka grisi shavu zima. Stamenka alimpenda saa ile kuliko siku walipooana, maana siku ile alikuwa hajui anampenda nani hasa. Akaenda chumbani, akarudi na kisanduku chekundu.

Walizilegeza boliti zote, kuanzia za nje kurudi katikati, kwa sababu boliti usiyojua imekazwa kiasi gani haikisiwi. Vitomir akaipanga spana mpya kwenye nguvu ndogo, akavuta boliti ya kwanza. Spana ikalia tiki. Yeye akaendelea kuvuta.

"Basi! Imelia!"

"Sijaisikia."

"Mungu wangu, mkono hauna habari na masikio hayana habari!"

"Kumbe wewe unayo," alisema Vitomir. Akailegeza boliti. "Sogea hapa."

Kwa hiyo yeye alivuta, na Stamenka aliinama hadi nywele zake zikagusa hedi, akisikiliza. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa amemwambia mwanamume huyu basi: mezani, harusini, kwenye mabishano ya siasa, na hakuwahi kumwona akiacha. Kuanzia hapo, asubuhi ile, alimwambia mara thelathini, boliti kumi kwa mizunguko mitatu, na kila mara Vitomir aliacha papo hapo.

Jumapili walipanda kile kilima. Stamenka hakutazama barabara hata kidogo. Alitazama mshale wa joto. Ulipanda, ukafika katikati, ukakaa. Pale lilipochemkia mwezi wa sita Vitomir alisimamisha gari, injini ikanguruma taratibu, na hakuna moshi uliotoka.

Radenko alikuwa akishuka na trekta lake. Akasimama kando yao, akazima, akasikiliza.

"Hee! Mizani bado ni mizani!" alipiga kelele. "Umekaza kwa mkono wako ule ule?"

Stamenka alifungua mdomo. Uongo alikuwa nao tayari, na angeusema bila aibu yoyote.

"Mkono umekufa, Radenko," alisema Vitomir. "Nimekaza kwa sikio la huyu. Na kesho injini ikipoa tunazikaza tena boliti, kama inavyotakiwa, yeye na mimi."

Radenko akavua kofia, asijue aiweke wapi. Vitomir akaanza kumweleza habari za mizunguko mitatu, boliti moja baada ya nyingine, akinyoosha vidole, na mahubiri yale yangewaweka pale hadi jioni.

"Basi, mzee," alisema Stamenka. "Twende, maharage yako jikoni."

Vitomir akaacha katikati ya neno, akatia gia. Ilikuwa mara ya thelathini na moja.