Posa ya Naserian

Kwa miaka mingi Elirehema na mkewe Naserian walizeeka pamoja, na kusahau kwao kukawa kichekesho cha nyumba. Huyu anatafuta miwani iliyo kichwani mwake, yule anamwita mjukuu kwa jina la shangazi. Jina likipotea waliliacha, na jioni lilirudi lenyewe wakacheka. Pale Moshono, walipohamia Elirehema alipostaafu udereva wa malori, hakuna aliyeona ajabu.

Kisha yakaanza kupotea mambo ambayo hayakurudi. Naserian aliuliza kama binti yao Hanna amefika salama, akajibiwa, chai haijapoa, akauliza tena kwa wasiwasi uleule. Loshoro, aliyoipika tangu usichana, ilimshinda: alisimama mbele ya sufuria, mahindi huku, maziwa mgando kule, asijue kipi kinatangulia. Siku moja alikwenda Kijenge kununua kitambaa, akakutwa ameketi kwenye baraza ya watu asiowajua. Walipomuuliza anamsubiri nani, alisema, "Naingoja nyumba yangu ije."

Hanna akawapeleka hospitali. Daktari Ludovick alimpima mama, akamuulizauliza maswali, kisha akamgeukia Elirehema.

"Mzee, jina kukutoka halafu likakurudia, huo ni uzee tu. Baada ya hapo mama alipita hatua ya kati: anasahau kuliko umri wake, lakini anajimudu. Sasa ameivuka. Huu ni ugonjwa wa Alzheimer. Dawa za kumsaidia kidogo zipo. Ya kumponya hatuna."

"Na mbele kuna nini?"

"Ya juzi huondoka kwanza. Ya zamani hukaa zaidi. Yaweza kufika siku asikutambue."

Elirehema aliitikia kwa kichwa, lakini hilo la mwisho hakulikubali moyoni. Asimtambue yeye?

Siku hiyo ilifika mwezi wa saba, baridi imeshika. Alikuwa amemletea Naserian uji nje, penye jua. Mkewe akainuka haraka, akainamisha kichwa aguswe utosini, kama binti wa Kiarusha anavyomwamkia mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

Elirehema akabaki na kikombe mkononi. Kisha akauweka mkono wake juu ya zile mvi. "Marahaba," alisema.

Naserian akaketi kwa heshima, mbali kidogo. Akaendelea kwa Kimaa, lugha ya usichana wao. "Mzee, wewe unaonekana mwema. Nikuambie jambo? Baba anataka kunioza kwa mtu wa Sambasha mwenye ng'ombe wengi. Mimi simtaki."

"Unamtaka nani?" Moyo ulimdunda kama wa kijana.

Naserian akaangaza huku na huku asije akasikiwa. "Kuna mmoja anaitwa Elirehema. Ng'ombe wao alivunjika mguu korongoni. Wenzake walipokwenda kuleta kisu, alibaki peke yake. Mimi nilikuwa juu, na mzigo wa majani. Nikamwona anamkumbatia yule ng'ombe shingoni, analia, anamwomba radhi. Waliporudi, akafuta uso kwa shuka, akacheka nao kama si yeye."

Elirehema akakiweka chini kile kikombe cha uji.

"Nimemwambia mama, ni huyo. Mama atamnong'oneza shangazi wa huyo kijana, shangazi atawachochea wazee wao waje kuposa. Ila mwenyewe asijue. Aone kachagua yeye." Akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka.

Na kweli, enzi hizo shangazi yake Elirehema alimwambia siku moja, kana kwamba limempitia tu, "Kuna binti kwa mzee Koikai, hebu mtazame." Maisha yake yote Elirehema alijisifu kwa jicho lake zuri. Na yale machozi hakuwahi kumwambia mtu, hata mke wake. Kumbe Naserian aliolewa naye kwa ajili ya hayo hayo, akanyamaza nayo mpaka leo. Alimtazama mwanamke yule mdogo ndani ya blanketi, mwili ukamsisimka, kama mtu aliyeingia kanisani na kukuta ibada inaendelea.

Akampigia simu binti yake. "Hanna, mama yako hanitambui tena."

Hanna akaanza kulia. "Pole, baba. Pole sana."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja nikuambie alichonieleza." Akamsimulia yote, na machozi ya korongoni hakuyaruka.

Miezi iliyofuata Kiswahili kilimtoka Naserian chote, na Kimaa nacho kikapungua. Ile habari aliirudia mara chache, vipande vipande. Safari moja ilikuwa shingo ya ng'ombe tu, akiichora hewani kwa mikono. Elirehema hakumsahihisha. Kila asubuhi alimwamsha, akamwosha uso, akamlisha, na wakitulia juani humuuliza, "Na yule kijana, bado unamtaka?"

Siku nyingine hapati jibu. Siku nyingine Naserian hutazama chini kwa haya, aitikie kwa kichwa, na mzee wa watu hulazimika kugeuka pembeni apenge kamasi.