Mlango wa Jikoni Uliopona

Kituoni walimwita Kupe, na si kwa sababu ya udogo wa mwili. Mpelelezi huyu aking'ang'ania jambo, hata umpe likizo haachi. Mwizi ambaye Kupe alimng'ang'ania miaka saba walimwita Bila Hodi: nyumba kumi na moja, vito vimeondoka, na hakuna kitasa hata kimoja kilichovunjwa. Mume wake alishazoea. "Leo tunakula wawili au na Bila Hodi?" angeuliza akipakua.

Lakini haraka haraka haina baraka. Nyumba ya kumi ilikuwa ya sonara, na Kupe, kwa uchu wa kumaliza kazi, alimkamata mlinzi wa pale kwa kuwa ndiye pekee aliyeachiwa funguo. Wiki tatu baadaye, mlinzi akiwa mahabusu, nyumba ya mwalimu mstaafu ikaibiwa vilevile. Kupe akajua amemfunga asiye na hatia, na usingizi ukamkimbia. Mkuu wake hakutaka kusikia.

"Wezi ni wengi. Hukumu ni Ijumaa. Niletee mtu, usiniletee majuto."

Kila asubuhi mke wa mlinzi alikuja kukaa kwenye benchi la mapokezi. Hakulia, hakutukana. "Umeamkaje, afande?" basi. Salamu ile ilimuuma Kupe kuliko tusi.

Jumatano akarudi kwa mwalimu kuuliza yale yale aliyokwisha kuuliza mara tatu.

"Mwanangu, utanimalizia majani ya chai," mwalimu alilalamika. Alisukuma mlango wa jikoni kwa kiwiko, birika mkononi, akasimama. "Lakini ajabu. Mlango huu ulivimba tangu mvua za mwaka juzi, ulikwaruza sakafu mpaka meno yanaingia ganzi. Siku hizi unafungika kwa adabu."

"Tangu lini?"

"Mh! Tangu wiki ile ya wizi. Nikadhani ni jua."

Kupe akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya mlango. Ukingo ulikuwa laini, umerandwa juzijuzi, ubao bado mweupe. Akajaribu mlango wa stoo pembeni yake. Huo ulikwaruza, ukalia, ukakwama.

"Huu nao ni wa fundi yuleyule?"

"Weee! Huo alitengeneza shemeji yangu, mjuaji wa kila kitu. Wa jikoni ni wa Mzee Randa, miaka minane sasa. Na vitasa vyote vya nyumba aliweka yeye."

Kupe akapiga simu kumi. Kwa sonara, droo ya kabati iliyokuwa ikikwama sasa inateleza. Kwa mke wa daktari, bawaba iliyolegea imekazwa. Kila nyumba kitu kimoja kimepona, na kila kilichopona ni kazi ya Mzee Randa, aliyeweka na vitasa. Polisi walikuwa wameuliza nani alipita mwezi ule. Nani angemkumbuka seremala wa miaka minane iliyopita?

Alhamisi akaenda karakana, askari wawili wakisubiri nje. Mzee Randa alikuwa mtu nadhifu, penseli sikioni, anayeheshimiwa mtaa mzima.

"Fundi, nilitaka kabati, lakini nasikia kazi zako zimeshuka," Kupe alisema. "Jana nilikuwa kwa mwalimu mstaafu. Mlango wake wa jikoni unakwaruza, aibu tupu. Wanasema uliweka mbao mbichi."

Randa mkononi mwake ikasimama juu ya ubao. "Mbao mbichi? Mimi?" Mzee akawaka. "Mama, usinichezee! Mlango ule haukwaruzi. Nimeuranda kwa mkono wangu, nimetoa unene wa ukucha!"

"Uliuranda lini, fundi? Mwalimu hajakuita miaka minane."

Mdomo ulikwisha kuponza kichwa. Askari wakaingia. Ndani ya mguu wa meza ya kazi, uliotobolewa kistadi, zilikuwamo bangili za mwalimu. Katika droo, funguo kumi na moja. Kila kitasa huja na funguo tatu, naye wateja aliwapa mbili.

"Sasa ningeiacha kazi yangu ikwaruze?" aliuliza akifungwa pingu, na alikuwa anauliza kweli.

Kupe alitaka kuruka kwa furaha. Akazunguka nyuma ya karakana, akaruka mara mbili.

Ijumaa hakimu alimwachia mlinzi. Mkuu wa kituo alikuwa ameita mpiga picha. Kupe akawaacha na kamera yao, akaenda kusimama kwenye lango la mahabusu. Mlinzi akatoka, amekonda, mkewe amemshika mkono.

"Mimi ndiye niliyekukamata," Kupe alisema mbele ya askari wote. "Nilikosea. Nisamehe, kaka."

Mlinzi alimtazama usoni. "Umempata kweli?"

"Nimempata."

"Basi kaseme mtaani kwangu. Kule ndiko nilikoitwa mwizi."

Wakaenda kwa miguu, watatu. Kupe akasimama katikati ya barabara, sare yake imenyooka, akajaza kifua hewa.

"Huyu si mwizi!" alipaza sauti, na madirisha yakaanza kufunguka. "Mwizi nimemkamata mimi! Huyu si mwizi!"

Alirudia mpaka dirisha la mwisho likafunguka, na mlinzi akaingia kwake kichwa juu.