Mstari Uliokatiza Mto

Umewahi kuitazama baiskeli iliyokaa mwaka mzima bila kupandwa? Tairi hulegea kwanza, kisha mnyororo hushika kutu ya rangi ya chai, na buibui hutandaza utando kutoka kwenye usukani mpaka kwenye kikapu cha mbele, taratibu, kama mtu asiye na wa kumfukuza. Ndivyo ilivyokuwa baiskeli ya Nozue Hisayo, mpakiaji wa kiwanda cha tambi. Iliegemea ukuta wa jiko tangu mumewe Kikuo alipogongwa na lori kwenye kona ya nyumba ya pampu.

Kikuo naye alikuwa mtu wa kiwanda hichohicho, upande wa kukanda unga, zamu ya alfajiri. Miaka ishirini na miwili alipita juu ya tuta la mto kwa baiskeli, mvua isimzuie wala theluji. Siku aliyokufa alikuwa amevaa buti nyeupe za kiwandani, na ndani ya kikapu chake mlikuwa na wali, samaki wa kuchoma na achari ya figili, vyote vimefungwa kwenye kitambaa. Hata hivyo ofisi iliandika kwamba alikuwa kwenye matembezi binafsi.

Sababu ilikuwa ramani. Huku kwetu mtu akiajiriwa huchora njia yake ya kwenda kazini kwa kalamu nyekundu, na akiumia nje ya mstari ule, ameumia kwa hiari yake. Kikuo alipoajiriwa aliona haya kumpelekea mkubwa karatasi yenye mstari wa kuyumbayumba. Akachukua rula. Mstari ukatoka mlangoni kwake ukanyooka hadi lango la kiwanda, ukakatiza mto mahali pasipo na daraja wala kivuko. Mkubwa alimsifu kwa usafi wa kazi yake.

Basi kona ya nyumba ya pampu haikuwa kwenye mstari. Jina la Kikuo halikuchongwa kwenye jiwe la waliofia kazini, lile lililo nyuma ya ghala, ambalo wafanyakazi wote huliinamia mwanzo wa Aprili. Hisayo hakubisha. Alipeleka ofisini boksi la keki za maharage, akaomba radhi kwa usumbufu alioleta mumewe, kama ilivyo desturi, kisha akaanza kupanda basi.

Katikati ya Machi basi likafutwa. Tangazo lilisema abiria wa njia ile walikuwa wawili na nusu kwa siku. Kutoka kwa Hisayo hadi kiwandani ni kilomita nane, na mwanamke wa miaka hamsini na minane akiacha kazi hapewi nyingine.

"Utakuja na nini sasa, dada?" Umeno, mpakiaji mwenzake, alimuuliza mezani pa kupakia. "Na miguu? Utafika tunafunga lango."

"Nitaendesha."

"Ulisema hivyo msimu wa mavuno. Buibui wa baiskeli yako ana wajukuu sasa."

Fundi Tsubouchi aliitia mafuta, akabadili mpira wa nyuma, akaminya breki mara tatu. "Haina ugonjwa, mama," alisema. "Imekaa na mgonjwa tu."

Asubuhi ya kwanza Hisayo alifika mwisho wa uchochoro, akarudi, akaita teksi. Asubuhi ya pili alifika tutani. Aliiona nyumba ya pampu kwa mbali, paa lake la bati la kijani. Akashuka, akaisukuma baiskeli hadi kazini, akachelewa saa nzima na dakika tano. Msimamizi alimwambia kwa upole kwamba kuchelewa mara tatu kunatosha kumwachisha mtu kazi.

Asubuhi ya tatu kulikuwa na ukungu. Alikuwa ameshuka tena, amesimama ameshika usukani, aliposikia kengele mara mbili nyuma yake. Kikuo akampita. Alikuwa amevaa koti la mvua, ingawa mvua haikuwepo, na maji yalikuwa yakimdondoka mabegani. Hisayo aliitambua asubuhi ile: ilikuwa ya mwaka wa kimbunga, walipokosa umeme siku mbili. Baada yake akapita Kikuo mwingine, nywele nyeusi tii, akipiga mwayo. Huyu alikuwa wa wiki ya kwanza ya ndoa. Kisha mwingine mwenye bendeji kidoleni. Kisha wawili kwa pamoja, Jumanne na Jumatano ya juma moja, wamevaa soksi zilezile.

Hisayo alipanda baiskeli akawafuata.

Hakuna aliyegeuka. Walitazama mbele, kama mtu anayewahi kazi anavyotazama. Lakini walimkatia upepo, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima makanyagio yalimwitikia. Ukungu ulipopanda akaona tuta lote limejaa, kutoka mlango wa maji hadi pale mto unapopotea machoni. Kikuo mbele, Kikuo nyuma, vijana na wenye mvi, wa theluji na wa jua kali, na mvumo wa minyororo yao ulikuwa mzito na laini kama mvua inayokuja kutoka mbali. Yangeyange waliacha kuvua samaki, wakasimama mguu mmoja mmoja wakitazama. Hapo chini mkulima mmoja alizima trekta lake, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka wote walipopita. Ilichukua dakika arobaini.

Walipofika kwenye nyumba ya pampu wakapinda. Wote. Elfu sita kasoro kidogo waliinama upande mmoja kwa pamoja, kama shamba la mpunga upepo unapolipitia, na Hisayo akainama nao. Alipofumbua macho kona ilikuwa nyuma yake.

Tangu siku ile aliamka kabla ya saa kumlia. Alianza kupenda baridi ya masikioni na harufu ya udongo uliolimwa, na mapaja yake yakakaza. Umeno alimwambia amepata mashavu ya msichana. Labda kuna mtu. "Yupo," alisema Hisayo, akaendelea kufunga pakiti.

Polisi wa zamu alimsimamisha mara moja tu.

"Mama Nozue, hawa wote ni wako?"

"Ni mmoja tu, afande. Hizo ni asubuhi zake."

"Basi waambie wapange mstari. Kuendesha wawili wawili sambamba ni kosa."

"Hawasikii, afande."

"Wa umri huo hawasikii," alisema polisi, akaandika kwenye daftari lake.

Habari zikafika ofisini. Bwana Kuramochi, mkuu wa utumishi, alikuja tutani mwenyewe, na mwavuli na ramani ndani ya mfuko wa plastiki. Alisimama kwenye kona tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Wengine aliwafahamu, maana aliwahi kufanya nao zamu ujanani. Hao aliwainamia, akawatakia kazi njema. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Kisha akafungua ramani.

"Nimeona, Mama Nozue. Wote wanapinda," alisema. "Mstari haupindi."

"Pale mstari ulipo ni maji, bosi."

"Ni kweli. Lakini ndiyo njia iliyosajiliwa."

Mwanzo wa Aprili wafanyakazi waliinamia jiwe nyuma ya ghala. Majina yalikuwa yaleyale tisa. Baada ya hapo waliobadili usafiri waliitwa ofisini kuchora njia upya, na Hisayo akakaa mbele ya meza ya Bwana Kuramochi na kalamu nyekundu. Alichora kwa mkono. Mstari wake ulipanda tuta, ukayumba na mto, ukakwepa mti wa msonobari uliolala, ukajikunja kwenye nyumba ya pampu.

Bwana Kuramochi aliutazama muda mrefu. Alisema umekaa vibaya kidogo, lakini unapokelewa, akaupiga muhuri. Kabati la mafaili lilikuwa wazi nyuma yake, na faili la Kikuo lilikuwa mahali pake, na ndani yake maneno mawili yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: matembezi binafsi. Akalifunga kabati.

"Kuna jingine, Mama Nozue?"

Hisayo alikuwa ameshainuka. Watu wanane walikuwa wakingoja zamu yao mlangoni, Umeno akiwa wa kwanza, na hakuna kati yao aliyewahi kumsikia Hisayo akiulizwa swali hilo akajibu kwa kingine zaidi ya shukrani. Aliweka kalamu mezani.

"Mume wangu alikuwa anakuja kazini," alisema. "Alikuwa anakuja kwenu."