Nyusi ya Mrina Asali

Pale Ipole hakukuwa na mrina asali wa kumfikia Silasi. Mizinga yake aliitundika juu kabisa kwenye mininga, mahali ambapo wenzake waliishia kutazama na kutikisa vichwa. Watu walisema nyuki wanamjua kwa jina, naye hakubisha.

Asubuhi moja, mwaka ule Malkia alipotawazwa kule Uingereza, aliamka akapiga funda la uji, uji ukamtoka pembeni mwa mdomo na kumwagika kifuani. Mkewe, Marcelina, akaangusha upawa. Upande wote wa kulia wa uso wa mumewe ulikuwa umelegea kama nguo mbichi kambani.

Waliosema amelogwa walisema, na waliosema amepigwa na upepo mbaya walisema pia. Silasi alikunywa mizizi, akachanjwa chale, akaombewa kanisani kwa Wamoraviani. Miezi ikapita, mdomo ukajikaza kiasi cha kushika uji. Nyusi ndiyo iliyokataa. Iliteremka ikalifunika jicho kama upenu wa nyasi uliolowa mvua, na kila alipotaka kutazama juu ilimbidi aiinue kwa kidole.

Na mtu hapandi mti kwa mkono mmoja.

Msimu wa asali ulipofika alijifunga kitambaa kichwani, akakikaza mpaka nyusi ikapanda, akaukwea mninga. Huko juu jasho likakilegeza. Nyusi ikashuka ghafla, akanyoosha mkono kushika tawi, akashika hewa. Bahati yake, shemeji yake Mahona alikuwa ameishika kule chini kamba aliyojifunga kiunoni. Silasi akaning'inia, nyuki wakimzonga, mpaka alipoteremshwa.

"Shemeji," Mahona alisema akihema, "kuanzia leo napanda mimi."

Akapanda kweli, msimu mzima. Nguvu alikuwa nazo, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Alikata masega ya asali pamoja na yale yenye majana, watoto wa nyuki, na nyuki wakauhama mzinga mmoja baada ya mwingine. Silasi alisimama chini, kidole kwenye nyusi, akiona kazi ya maisha yake ikiharibiwa na mtu anayempenda.

"Mama Modest," akamwambia mkewe, "nakwenda Tabora. Nasikia hospitali ya serikali yuko daktari anayeshona nyuso."

"Na wakikuharibu zaidi?"

"Waharibu nini tena hapa?"

Lori la tumbaku likamfikisha mjini. Daktari alikuwa Mwingereza aliyeshona nyuso za askari wakati wa vita. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, na pale kilipokatika, dresa wake Anselm alikimalizia. Alimwambia Silasi anyanyue nyusi zote mbili. Ya kushoto ilipanda, ya kulia haikutikisika.

"Mshipa unaoamrisha upande huu umekufa," daktari alisema. "Kuufufua siwezi. Hutacheka tena kama zamani. Ninachoweza ni kukata ngozi kidogo juu ya nyusi, niivute, niishone isishuke."

"Kicheko sikukifuata, bwana daktari. Nimefuata jicho. Ivute mpaka juu kabisa."

Daktari akakataa. "Nikiivuta mno, jicho halitafumba. Utalala likiwa wazi, litakauka, utapofuka."

Silasi akafikiri. "Basi nipe kiasi cha kuona tawi lililo juu ya kichwa changu, na kufumba nikilala. Katikati ya hayo mawili, kata."

Walimkalisha kitini kwanza. Daktari aliisukuma nyusi kwa kidole gumba, akamwambia atazame juu, afumbe, atazame tena, kisha akachora mstari kwa wino. Halafu wakamlaza, wakamchoma sindano ya ganzi. Maumivu hakuyasikia, ila aliusikia mkasi ukila ngozi yake kama panzi anayetafuna jani.

"Mzee, u salama?" Anselm akauliza.

"Mimi nimekaa katikati ya nyuki wenye hasira, mwanangu. Ninyi ni wapole."

Nyuzi zilipotolewa, Anselm alimletea kioo. Kovu jekundu lilipita juu ya nyusi. Paji la uso lilikuwa na makunyanzi upande mmoja, upande wa pili laini kama la mtoto. Akafumba jicho, likafumba, ukabaki mwanya mwembamba kama uzi, na kwa huo akapewa mafuta ya kupaka kila alalapo. Kisha akaangalia juu bila kidole. Aliziona boriti za dari na mjusi aliyeshikilia moja. Akamtazama mjusi yule mpaka Anselm akadhani kuna tatizo.

Nyumbani, Marcelina alimzunguka akimkagua. "Unaonekana kama mtu aliyeambiwa habari asizoziamini."

Silasi akacheka kwa nusu ya uso, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuziba mdomo kwa kiganja.

Kovu lilipokomaa, alikwea mninga, kienge cha moshi mkononi. Matawi aliyaona yote. Akampandisha na Mahona mpaka tawi la chini yake, akamwonyesha sega la kukata na sega la kuachia nyuki.

"Shemeji!" Mahona akashtuka. "Wamekuuma juu ya nyusi, wawili, na unavimba!"

Silasi akapapasa paji la uso. Hakusikia kitu; tangu kisu kipite, ngozi ya pale ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Waache," akasema, akimpokeza sega. "Hapo pana ganzi ya serikali."