Nyumba Iliyolala Nje

Walipofika njia panda ya Londiani, askari wa barabarani aliwaambia kwamba lori la ngano limepinduka mbele na njia ya Kericho haitapitika mpaka kesho. Maryanne akakata kulia, akaishika barabara ya Muhoroni. Ilikuwa saa tisa alasiri. Walikuwa wametoka Mombasa jana yake, wakalala Nairobi kwa binamu kama walivyopanga, na hesabu yao ilikuwa kufika nyumbani Asembo kabla jua halijazama.

Mama yake, Dorca, alikaa kiti cha mbele, amepakata mfuko wa korosho na chupa ya maji ya bahari aliyoyateka mwenyewe ili asije akabishiwa. Alikuwa na miaka sitini na miwili na hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza. Bahari haikumvutia sana. Hakukataa kwamba ni maji mengi, lakini aliuliza mara tatu, maji usiyoweza kusongea ugali ni ya kazi gani. Mtu wa ziwani hasifu upesi maji ya wenzake.

Safari yenyewe aliikubali kwa shingo upande. Aliyemsukuma zaidi hakuwa Maryanne, alikuwa shemeji yake Okello, mdogo wa marehemu mumewe. Okello alimletea unga pakiti mbili za kupelekea wenyeji na akamwambia aende apumzike, nyumba ataiangalia yeye. Dorca aliuchukua unga, akafunga mlango kwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye methali hiyo aliijua, ila siku hiyo alikuwa akitafuta viatu vyake vya kanisani.

Ni vizuri ieleweke nyumba hiyo ilikuwa nini kwake. Ondiek, mumewe, alifariki miaka minane iliyopita. Kwa mila ya pale, mjane ambaye hajarithiwa na mwanamume wa ukoo hajengi nyumba mpya ndani ya boma, wala ile ya zamani haikarabatiwi. Okello alijitolea kumrithi mwaka wa pili. Dorca alimjibu mbele ya watu kwamba anamjua tangu akiwa mtoto wa kuiba sukari jikoni kwake, na hawezi kuanza leo kumfulia soksi. Kwa hiyo hakuna aliyepanda juu ya paa lile tena. Mabati yakala kutu, yakatoboka, na mvua ikawa inaingia. Lakini nyumba ilisimama, na maadamu ilisimama, Dorca alikuwa mke wa boma lile, na kile kipande cha shamba kinachoteremka hadi ziwani hakuna ambaye angemtoa. Ikianguka, hana nyumba nyingine. Hilo kila mtu alilijua, na Okello alilijua kuliko wote.

Waliuvuka mji wa Muhoroni jua likiwa limeinama juu ya bomba la kiwanda cha sukari, na harufu ya molasi imejaa ndani ya gari. Mbele yao kulikuwa na trekta lililokokota trela mbili za miwa, nalo limesimama. Maryanne alipotoa kichwa kutazama kinachozuia njia, aliona nyumba ya mama yake. Ilikuwa kwenye ukingo wa barabara, katikati ya shamba la miwa na mtaro, veranda yake imeingia futi mbili kwenye lami. Mlango wa buluu ulikuwa na kufuli lilelile.

"Mama," alisema Maryanne, "hiyo si nyumba yako?"

Dorca aliitazama. "Ni yenyewe," alisema. "Imekonda."

Dereva wa trekta, Waswa, alishuka akawaamkia kwa heshima, kisha akasema kama ni yao waisogeze kidogo, maana amezuiwa tangu saa saba na miwa ikikauka inapungua uzito. Alisema watu wa Chemelil waliiona ikipita asubuhi, inaenda polepole, inatafuta kivuli. Dorca alimwomba radhi. Alishuka, akaweka kiganja kwenye ukuta, akaiambia nyumba irudi nyuma kidogo watu wapite. Nyumba ikarudi nyuma. Waswa akashukuru, akapita na miwa yake.

Ilikuwa imetembea siku mbili. Kuta zake za udongo zilikuwa na tope hadi chini ya madirisha, na Maryanne alikisia kwamba ilivuka mto Nyando nje ya daraja. Wiki iliyofuata mwanamke mmoja anayeuza mandazi Obunga, mtaa wa Kisumu, alimwambia kwamba iliwapitia alfajiri ikiburuta waya wa kuanikia nguo, na kwamba ilikuwa na adabu, haikukanyaga kibanda cha mtu. Ila ukuta wa nyuma, ule unaotazama ziwa, ulikuwa na mikwaruzo mitatu mirefu, sambamba, yenye kina cha mkono. Meno ya tingatinga hayafanani na kitu kingine. Na kwenye ngazi ya veranda kulikuwa kumenasa kigingi cha mpima ardhi, kimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba kumi na saba.

Dorca alikichomoa, akakisoma, akakiweka mkobani pamoja na korosho. Moyo ukamwuma Maryanne, kwa sababu ni yeye aliyelipia likizo ile na ni yeye aliyekuwa amembembeleza mama yake aongeze siku mbili.

Alimpigia Okello simu palepale. Okello aliipokea haraka. Alisema Mungu ni mwema, wamekuwa wakiitafuta. Alieleza kwamba watu wa hoteli itakayojengwa pale ziwani walikuja kupima tu, tingatinga likakaribia kidogo, na nyumba ikaondoka yenyewe bila kusukumwa na mtu.

"Mwambie mama yako hakuna aliyemfukuza," alisema. "Nyumba imehama kwa hiari yake. Anayeondoka mwenyewe hafukuzwi."

Maryanne alitaka wakatafute gesti Muhoroni, wafikirie wakiwa wameoga. Dorca alisema hajawahi kuona mtu anaupita mlango wake jioni akaenda kulipa kitanda cha watu. Akafungua kufuli. Ndani, viti vyote vilikuwa vimesogea upande mmoja, na vitambaa vya kufuma vimeanguka. Picha ya Ondiek ilikuwa imepinda. Kuku wawili walikuwa chini ya kitanda na jogoo juu yake, wote wakiwa na sura ya abiria waliochoka. Dorca alinyoosha picha, akawasha moto, akapika ugali kwa maji ya mtungi uliokuwa umebakia nusu. Walikula, wakalala, malori ya miwa yakipita hatua nne kutoka kichwani.

Asubuhi Dorca alifagia kama kawaida, akatoka nje akaiambia nyumba kwamba wanarudi.

Likawa jambo la siku nzima. Gari lilitangulia kwa mwendo wa baiskeli na nyumba ikafuata. Waswa, aliyekuwa anarudi na trela tupu, aliwasindikiza nyuma hadi Awasi akiwasha taa ili magari yasiigonge. Ahero watu wa mchele waliipisha. Nyamasaria askari aliwasimamisha, akaizunguka nyumba mara moja, akasema mzigo mpana hivyo lazima uwe na kitambaa chekundu nyuma. Dorca alivua leso yake akaifunga kwenye dirisha la jikoni, na askari akawaruhusu. Kila iliposita kwenye mlima Dorca alishuka, akatembea kando yake, mkono ukutani, akiisemesha kwa sauti ya chini. Alitembea hivyo milima yote ya kutoka Kisumu, na viatu vya kanisani. Maryanne alimsihi apande gari. Alisema nyumba imetembea siku mbili kumfuata, na yeye hawezi kuirudisha akiwa ameketi.

Walifika Asembo saa kumi na moja. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaketi langoni kwenye viti vya plastiki, kwa sababu habari za nyumba husafiri upesi kuliko nyumba. Mzee Ogola, mkubwa wao, aliwapa pole ya safari. Aliuliza nyumba ilivukaje Nyando, akajibiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema zamani watu walijenga vizuri. Okello alikuwa amesimama kando, ameshika kofia.

Nyuma yao, ndani ya boma, palipokuwa na nyumba ya Dorca palikuwa na shimo refu la mstatili. Okello alieleza kwa upole kwamba ni bwawa la kuogelea la wageni. Ziwa lilikuwa hatua arobaini kutoka hapo.

Dorca alisema shimo litafukiwa, na kama si leo basi nyumba itakaa kando yake. Akaomba lango lifunguliwe.

Mzee Ogola alikohoa. Alisema nyumba imelala nje. Nyumba iliyotoka ikalala nje, ikija kuingia langoni, ni nyumba inayoanzishwa upya, na nyumba haianzishwi bila mwanamume, jogoo na shoka. Mila hiyo hakuna aliyeikumbuka kabla ya wiki ile, lakini ilisemwa kwa sauti ya kale, na wazee wengine wakaafiki.

Dorca alisema jogoo yuko juu ya kitanda na shoka liko nyuma ya mlango.

"Bado mwanamume," alisema Mzee Ogola. Okello akatazama kofia yake.

"Mzee," alisema Dorca, "mimi nilitoka kwa lango hili siku kumi zilizopita. Nimelala Mombasa, nimelala Nairobi, nimelala Muhoroni kando ya barabara. Sasa nimerudi. Mimi ni bibi harusi?"

Wazee walitazamana. Mmoja alicheka kidogo, akaacha. Mzee Ogola alikiri kwamba swali ni zuri na linahitaji kikao chake. Kikao hicho hakijaitishwa hadi leo.

Basi nyumba ikakaa nje ya lango, juu ya njia, pua yake imegusa ua wa minyaa. Dorca aliigeuza ili mlango utazame ndani ya boma. Tingatinga, likihitaji kupita, lilitengenezewa njia nyingine upande wa pili wa boma, na kazi ikaendelea. Vibanda sita vya wageni vilijengwa, vya duara, vya makuti yaliyoletwa kutoka pwani. Wageni wa kwanza walipokuja walipewa chai na kuelezwa kwamba nyumba ile ya langoni ni ya kienyeji.

Mvua za masika zilipoanza, Maryanne alikuja na mabati kumi na mawili mapya juu ya gari. Alikuta Okello ameshaleta ngazi. Okello alikuwa amefikiria jambo hilo kwa huruma yote. Alisema nyumba ikiwa nje ya boma haimo kwenye mila, kwa hiyo Nyar Alego, yaani binti wa Alego alikotoka Dorca, yuko huru sasa. Anaweza kuezeka leo, anaweza hata kuongeza chumba. Hapa nje hakuna mzee atakayemkataza, na kama anataka, Okello mwenyewe atamlipa fundi.

Dorca alikuwa akichambua dagaa. Aliitazama ngazi, akayatazama mabati, yanang'aa, mazuri, kipimo kilekile. Paa lake lilikuwa linavuja sehemu saba na jana alikuwa amelala ameketi. Alijua kabisa kwamba siku msumari wa kwanza utakapogongwa ndiyo siku atakuwa amekubali mahali alipo.

Alimwambia Maryanne arudishe mabati dukani.

"Mama, utalowa," alisema Maryanne. Alikuwa analia, kwa hasira zaidi ya huzuni.

"Mimi sijarithiwa. Nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa haigusiwi paa, si ndivyo mnavyosema, shemeji? Iko ndani ya boma. Acheni ivuje."

Okello akabeba ngazi yake akaingia langoni. Maryanne aliyashusha mabati, akayapakia tena vizuri, akaketi na mama yake wakachambua dagaa hadi wakaisha.

Imeshapita misimu miwili ya mvua. Kila asubuhi Okello hupita akienda kuwaangalia wageni wake, na kila asubuhi humkuta Dorca akifagia, naye Dorca huinua mkono na kumsalimu kwa upole wa mwenye boma:

"Shemeji, habari za huko nje?"