Bi Mkubwa Anavuja Tena

Lori lilipoingia uani mara ya tatu, Fundi hakuhitaji hata kuinama. Mwenye macho haambiwi tazama. Mafuta meusi yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye difu, kile kichwa cha gia kati ya magurudumu ya nyuma, tone baada ya tone, na nyuma ya lori ulibaki mstari mwembamba kuanzia langoni. Fundi akautia mkono wake wa kuume mfukoni mwa ovaroli. Siku hizi mkono huo ulikuwa ukishinda mfukoni kuliko kwenye spana.

Dereva akashuka huku akihema. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mwenye tumbo la kutangulia mlangoni na moyo mkubwa kulishinda tumbo lenyewe. Watu walimwita Shibe, kwa kuwa hakuamini kama kuna tatizo lisilotibika kwa kuongezewa kitu. Mtoto akilia, mwongeze chakula. Mgeni akiaga, mwongeze chai. Lori lake alilibatiza Bi Mkubwa, akaliosha, akalipaka mafuta bodi nzima, akaliongelesha kwenye vilima. Mkewe mwenyewe alikuwa akisema kwamba yeye ameolewa wa pili.

"Shemeji," Shibe alisema, bila ule mzaha wake, "Bi Mkubwa anakusalimu."

"Nimeiona salamu yake. Ameimwaga tangu getini."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Fundi alijua kilichokuwa mbele yake. Pale propela, chuma kirefu kinacholeta mzunguko wa injini, inapoingia kwenye difu hukaa sili, pete ya mpira ambayo kazi yake ni moja tu: kuyazuia mafuta yasitoke. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa, akaibadilisha. Ikavuja. Akaweka nyingine. Nayo ikavuja. Sasa sili haipachikwi kwa nguvu, hupachikwa kwa mkono uliotulia: unaigonga polepole, huku na huku, iingie sawasawa. Ikilala upande hata kidogo, mafuta yanapita. Na mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kutetemeka.

Hakumwambia mtu ila mkewe. Jana yake, alipopata habari kwamba lori linarudi, alimwambia, "Nikifungua nikikuta nimeipachika vibaya, naweka spana chini. Gereji nafunga. Siwezi kuwa fundi wa kumwagia watu mafuta barabarani." Mkewe alikuwa akikunja nguo, na Fundi aliona shati lile lile likikunjwa, likikunjuliwa, likikunjwa tena. Walikuwa wamezeeka pamoja katika nyumba hiyo iliyopakana na gereji, na mwanamke huyo hakuwa na kawaida ya kukosa neno.

Leo neno alikuwa nalo. Sauti yake ilitoka bombani, nyuma ya nyumba.

"Nani anakula sabuni yangu? Juzi mche mzima, leo kipande! Humu ndani kuna panya anayefua?"

"Dada, shikamoo!" Shibe aliitikia kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Marahaba. Na wewe, kila ukija sabuni inapungua. Unaogea hapa?"

Shibe akajifanya anakagua tairi.

Fundi akaweka magogo kwenye magurudumu, akatandaza gunia, akaingia uvunguni. Alipaswa kuanza na propela: kuifungua, kuitia nati alama ili irudi palepale ilipokuwa, kuvuta flenji, sahani ya chuma iliyo mbele ya sili, kisha kuikabili sili yenyewe. Lakini aliogopa kuikuta imelala upande. Basi akafanya kama mtu anayeogopa kufungua barua, anayeanza kwanza kufagia chumba. Akasema apime mafuta kwanza, akaifuata plagi ya kujazia, kizibo cha ubavuni mwa difu, iliyokuwa ingali na moto wa safari. Akaizungusha kidogo tu.

Fsssss!

Upepo ulitoka kwa kishindo, na nyuma ya upepo yakaja mafuta, yakamwogesha kifua kizima.

"Kuna nini, shemeji?" Shibe aliuliza kutoka nje.

Fundi alilala pale, mafuta yakimtiririka shingoni, akisikiliza difu inavyoshusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Difu haitakiwi kuwa na upepo wa namna hiyo. Ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka, na kwa sababu hiyo juu ya eksheli, mhimili wa magurudumu, huwekwa tundu dogo la kupumulia lenye kikofia chake. Tundu likiziba, hewa hutafuta njia nyingine. Na njia nyepesi kuliko zote ni kwenye sili, hata iwe mpya kiasi gani.

Akapeleka mkono juu ya eksheli, mahali asipoweza kupaona, akapapasa. Kikofia hakikushikika. Palikuwa na donge, tope kwa juu, laini kwa ndani, linaloteleza. Akalimega, akaliteremsha puani. Akalinusa. Akalinusa tena. Ile ilikuwa harufu ya shuka zake mwenyewe.

"Mke wangu!" aliita kutoka uvunguni. "Njoo unuse!"

Mkewe akaja na mikono yenye povu, akainama, akanusa. Hakuhitaji mara ya pili.

"Sabuni yangu hiyo!"

Wote wawili wakamgeukia Shibe. Jitu zima, dereva wa miaka na mikaka, alisimama pale akizungusha kofia yake vidoleni.

"Kwanza nijibu hili," Fundi alisema akitambaa kutoka. "Difu uliiongezea mafuta?"

"Kidogo tu, shemeji. Asiyeshiba hafanyi kazi."

"Ilikuwa imejaa mpaka kwenye tundu la plagi! Ukiongeza hapo unaivimbisha. Inayatapikia juu, kwenye kikofia."

"Ndiyo hapo nilipoyaona," Shibe alisema, na sauti ikamshuka. "Baada ya ile sili ya kwanza. Nikaona juu pamelowa. Nikasema basi, kazi ya shemeji haikushika."

"Sasa si ungeniambia?"

Shibe akaitazama ardhi. "Ningekuambiaje? Nilikuwa nimeuona mkono wako. Ile siku unafunga nati ya mwisho, nikauona unavyocheza. Nikajua ukiambiwa kwamba panavuja, utajilaumu, utavunjika moyo. Basi nikachukua sabuni ya dada, nikaziba kama tunavyoziba tangi la dizeli njiani. Nilitaka ukikagua ukute pakavu. Ikiyeyuka, nachukua nyingine. Kule chini palipoanza kuvuja, mimi nilidhani sabuni haitoshi."

Miezi yote hiyo Fundi alikuwa akiuficha mkono mfukoni, akidhani ameuficha, kumbe mwenzake ameuona na amekuwa akitambaa chini ya lori na kipande cha sabuni ili kumfichia aibu. Alimpenda shemeji yake wakati huo kuliko siku yoyote ile, na alitamani pia kumpiga na spana.

"Nia njema ni tabibu," Shibe alijitetea kwa unyonge.

"Tabibu gani anamziba mgonjwa pua!" dada yake alimaka.

Hapo wakaangua kicheko. Shibe alicheka mpaka akashikilia bampa, dada yake akajipaka povu usoni akijifuta machozi, na Fundi akakaa kitako juu ya gunia, hana mbavu.

Lakini sili ilikuwa bado haijatazamwa. Fundi akarudi uvunguni, safari hii kwa moyo mwingine. Akafungua propela, akatia nati alama, akavuta flenji, akasafisha kwa kitambaa. Akamulika tochi na kuzungusha uso taratibu kuifuata duara yote. Sili ilikuwa imekaa sawa. Juu sawa, chini sawa, kulia sawa, kushoto sawa. Upepo ulikuwa umeupindua mdomo wake wa ndani, ndiyo, haifai tena, lakini mkono ulioipachika haukukosea.

Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kazi.

"Imelala upande?" mkewe aliuliza. Alikuwa amechutama kando ya gurudumu, na Fundi hakujua amekuwa pale tangu lini.

"Imenyooka," alisema. "Imenyooka, mama. Nilikuwa sijakosea."

Mkewe akashusha pumzi ndefu, kama ile difu.

Akapachika mpya. Mkono ulitetemeka, aliuegemeza kwenye chuma, akagonga kidogokidogo, huku na huku, kama alivyogonga maisha yake yote. Akazibua tundu la kupumulia, akalisafisha, akarudisha kikofia. Akajaza mafuta hadi kwenye mdomo wa plagi, basi. Shibe alipoleta galoni "la akiba", dada yake alimpokonya.

Lori likaenda mzunguko mrefu, likarudi likiwa na moto. Fundi akapitisha kidole chini ya sili, akakitoa, akawaonyesha. Kikavu.

Jioni walikaa barazani. Kwa kawaida mkewe ndiye aliyemimina chai, na Fundi alikunywa mwisho, wasipomtazama. Leo alilivuta birika mwenyewe, kwa mkono wa kuume. Mkono ukacheza. Chai ikaruka kikombeni, ikajaza kisahani, ikatiririka mezani mpaka ikaanza kudondoka kwenye goti la Shibe.

Shibe akalitazama goti lake, akamtazama shemeji yake.

"Shemeji," akasema, "nikaombe sabuni kwa dada?"

"Thubutu!" Fundi alisema, akicheka, na akamimina kikombe cha pili.